Kuezeka Nyumba Mbeya na Iringa: Gharama Hupimwa Juu ya Paa, Si Kwenye Sakafu

Mikoa ya Mbeya na Iringa hupata mvua za msimu mmoja kwa mwaka, kuanzia Novemba hadi Aprili, kama inavyoainishwa katika utabiri wa msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA). Kwa mwananchi ambaye nyumba yake imefika kwenye linta, kalenda hiyo ina maana ya fedha. Kuta za matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo, ambazo ni nyingi vijijini na pembezoni mwa miji, zikikutwa wazi na mvua za Desemba huoshwa viungo na kuanza kuachana. Anayeanza kumtafuta fundi wa kupaua mwezi Oktoba hujadiliana naye akiwa na hofu ya mawingu, na hofu hiyo huongeza bei.

Kosa la kwanza katika bajeti hutokea kabla fundi hajaitwa. Wengi hukadiria paa kwa ukubwa wa sakafu. Nyumba yenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 8 ina sakafu ya mita za mraba 80. Lakini paa la pande mbili lenye mteremko wa nyuzi 20 na vyanda vinavyotokeza sentimita 60 kila upande hufikia takriban mita za mraba 110. Mteremko ukipandishwa hadi nyuzi 30, eneo hilo hukaribia mita za mraba 120. Aliyenunua bati kwa hesabu ya sakafu atapungukiwa kwa zaidi ya robo, na upungufu huo hujulikana fundi akiwa tayari juu ya kenchi.

Urefu wa bati nao una hesabu yake. Katika nyumba hiyo ya mteremko wa nyuzi 20, kila upande unahitaji bati lenye urefu wa takriban mita 4.9. Ikiwa upana unaofunika wa bati ni sentimita 80, bati 28 zilizokatwa kwa kipimo, jumla ya mita 137, zinatosha. Akinunua bati za mita 3, atahitaji mbili kwa kila mstari, yaani bati 56 zenye jumla ya mita 168. Tofauti ya mita 31 ni sawa na bati 10, ambazo nyingi huishia kuwa vipande vya kufunikia banda la kuku. Bei ya bati moja, kwa hiyo, si kipimo cha unafuu. Kinacholinganishwa ni gharama ya paa zima.

Unene wa bati hutajwa kwa geji, na namba kubwa humaanisha bati jembamba: geji 30 ni jembamba kuliko geji 28. Mnunuzi aandikiwe geji kwenye risiti ya mashine ya EFD, na akague alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Kwa upande wa mbao, wakazi wa mikoa hii wana bahati ya kuwa karibu na shamba la miti la Sao Hill wilayani Mufindi, na soko la Mafinga liko kilomita takriban 80 kutoka Iringa mjini. Hata hivyo, ukaribu una mtego wake. Mbao za msindano zilizotoka kupasuliwa zikiwa mbichi hupinda zinapokauka, misumari hulegea na mstari wa bati huyumba. Mbao zilizokauka na kutiwa dawa ni ghali zaidi, lakini kenchi haibadilishwi kwa urahisi kama bati. Anayesafirisha mbao kutoka Mafinga hadi Mbeya ahakikishe mzigo una hati ya usafirishaji ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), la sivyo anaweza kuzuiwa kwenye kizuizi cha ukaguzi.

Katika kuchagua fundi, cheti cha VETA ni ushahidi mzuri. Wapo pia mafundi hodari waliojifunza kazini, na VETA ina utaratibu wa kupima na kuutambua ujuzi wa aina hiyo. Ushahidi mkubwa zaidi ni paa alilolijenga misimu miwili au mitatu iliyopita. Mwenye nyumba aende kuliona, ikiwezekana mvua inaponyesha, na amuulize mwenyeji kama fundi alirudi alipoitwa kuziba panapovuja.

Makadirio yaombwe kwa mafundi wasiopungua watatu, kwa mchoro na vipimo vilevile, na kila mmoja atenganishe ufundi na vifaa. Fundi anayetaja jumla moja tu hawezi kulinganishwa na mwenzake. Yafaa pia kumuuliza kila mmoja atakavyozifunga kenchi kwenye ukuta. Upepo unaotangulia mvua hunyanyua paa zima lisiloshikwa kwa ukanda wa chuma au nondo iliyozamishwa kwenye linta, na gharama ya vifungo hivyo ni ndogo sana ikilinganishwa na bati zilizopeperushwa.

Malipo ndiyo chanzo cha migogoro mingi. Fundi aliyepewa nusu ya fedha siku ya kwanza ana sababu chache za kurudi akipata kazi nyingine. Utaratibu ulio salama kwa pande zote ni kulipa kwa hatua zinazoonekana: kenchi zikisimama, papi zikimalizika, bati na kofia zikifungwa. Sehemu ya mwisho, kwa mfano moja ya kumi ya ufundi, ibaki hadi mvua kubwa ya kwanza ipite bila paa kuvuja. Naye fundi ana haki ya kulipwa siku hatua inapokamilika, bila kuzungushwa.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haikatai makubaliano ya mdomo, lakini mbele ya Mahakama ya Mwanzo karatasi yenye saini za pande mbili na mashahidi huthibitisha kwa urahisi kilichokubaliwa. Karatasi hiyo itaje vipimo, geji, hatua za malipo, tarehe ya kumaliza, na nani atabeba gharama ya bati litakaloharibiwa wakati wa kazi. Anayekusudia kubadili umbo la paa, kwa mfano kutoka pande mbili kwenda paa la kuficha, awaone kwanza wataalamu wa ujenzi wa halmashauri yake kuhusu kibali, kabla ya kununua hata ubao mmoja.