Je, Wajua? Manowari iliyoipiga Dar es Salaam

Je, wajua kuwa Dar es Salaam iliwahi kupigwa mizinga na manowari kubwa ya Uingereza? Iliitwa Goliath. Ilishushwa majini mwaka 1898 huko Chatham, na silaha zake kuu zilikuwa mizinga minne yenye mdomo wa sentimita 30.

Mwaka 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ilipelekwa kwetu kuzisaidia meli nyingine kuizibia njia Königsberg, meli ya Kijerumani iliyojificha katika delta ya Rufiji. Novemba 28 ikaigeukia bandari ya Dar es Salaam, iliyokuwa chini ya Wajerumani, na nyumba ya gavana wao ikapigwa makombora. Siku hiyo ofisa wake Henry Peel Ritchie alijeruhiwa mara nane akiwa ndani ya mashua bandarini, na baadaye akatunukiwa Msalaba wa Victoria.

Wenye mji, ambao vita havikuwa vyao, hawakutunukiwa chochote.

Goliath haikuishi sana baada ya hapo. Usiku wa Mei 13, 1915, karibu na Gallipoli nchini Uturuki, manowari ndogo ya Waturuki, Muavenet-i Milliye, iliinyemelea gizani ikaipiga kwa topido tatu. Ilizama upesi, na mabaharia wapatao 570 wakapoteza maisha.