Kipaji Huondoka, Jumba la Umma Hubaki

Watu wa visiwani hawahitaji kuelezwa maana ya kuondokewa na vijana wanaokwenda ng'ambo kutafuta riziki. Kisiwa cha Ayalandi nacho kimelionja jambo hilo kwa vizazi vingi. Miongoni mwa waliochukuliwa na safari hiyo ni mchoraji Sean Scully, aliyezaliwa Dublin mwaka 1945 katika ukoo maskini, akapelekwa London angali mtoto mdogo.

Alipotimiza miaka 15 alianza kujifunza kazi ya uchapaji. Mchana alitumikia riziki, jioni alihudhuria masomo ya sanaa. Baadaye alisoma katika Chuo Kikuu cha Newcastle, na mwaka 1975 akahamia New York. Mwaka 1983 alipata uraia wa Marekani. Mwaka huo huo alifiwa na mwanawe, lakini hakuiweka chini brashi.

Turubai zake nyingi hazina sura za watu wala miti. Zina mistari mipana ya rangi, iliyopangwa mithili ya ukuta wa mawe. Alipozuru Morocco, mistari ya vitambaa na mahema ilimwathiri sana. Mara mbili, mwaka 1989 na 1993, aliteuliwa kuwania Tuzo ya Turner ya Uingereza.

Mwaka 2006, jumba la sanaa la Hugh Lane mjini Dublin lilifungua ukumbi maalumu wa picha alizolizawadia. Jumba hilo la umma liliasisiwa mwaka 1908, miaka 37 kabla hajazaliwa.

Wenye dhamana ya utamaduni na walizingatie hilo. Zawadi ya msanii aliye mbali hurejea penye mahali pa kuipokea.