Zimwi Lililofunikwa na Kompyuta

Mgonjwa amelazwa mezani, moyo umesimama. Daktari anashika vyuma vya kushtulia moyo, anavikandamiza kifuani, hakuna kinachotokea. Anarudia. Safari hii kifua kinafunguka, kina meno, na mikono ya daktari inatumbukia ndani na kukatwa chini ya viwiko. Ni tukio la The Thing, filamu ya John Carpenter ya mwaka 1982 kuhusu watafiti wa Kimarekani waliozingirwa na theluji huko Antaktika, pamoja na zimwi linaloweza kujigeuza umbo la kila linayemuua. Nani bado ni mtu, na nani si mtu tena? Hofu yote ya filamu hiyo imejengwa juu ya swali hilo.

Tukio lile halikutumia kompyuta hata kidogo. Alitafutwa mtu aliyepoteza mikono yote miwili, akavishwa sura ya bandia iliyofanana na ya mwigizaji Richard Dysart, kisha akaunganishiwa mikono ya bandia yenye mifupa ya nta na mishipa ya mpira. Kifua chenye meno kiliendeshwa kwa mtambo wa haidroliki. Kamera ilipowashwa, mikono iling'oka kweli. Aliyesimamia kazi hiyo ni Rob Bottin, kijana aliyekuwa na miaka 22 alipoianza. Alitumia mpira wa povu, jelatini, plastiki iliyoyeyushwa, hata mayonezi, na mwishowe alilazwa hospitali kwa uchovu. Mbwa anayegeuka ndani ya banda alitengenezwa na Stan Winston na kikosi chake, kwa sababu Bottin alikuwa amezidiwa.

Wapenzi wa madoido ya mkono huitaja filamu hii kwanza kila ubishi wa mkono na kompyuta unapoanza, na wengi wao ndio hao hao wanaolalamika kwamba Hollywood haina jipya, inarudia tu filamu za zamani. Lakini The Thing yenyewe ni filamu iliyorudiwa. Mwaka 1951 ilikuwapo The Thing from Another World, na zote mbili chanzo chake ni hadithi ya John W. Campbell ya mwaka 1938. Campbell aliandika juu ya kiumbe anayeiga maumbo. Watengenezaji wa 1951 waliliacha wazo hilo, wakamvisha James Arness, mwigizaji mrefu sana, vazi la zimwi akatembea kwa miguu miwili. Miaka thelathini baadaye, ufundi wa mpira na mitambo ulikuwa umefika mahali pa kulionyesha lile lililoachwa. Carpenter alirudi kwenye hadithi kuchukua kitu kilichokuwa kimebaki humo. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu ya haki ya kurudia filamu, na sijaona nyingine inayoizidi.

Kwa nini zimwi la mpira linatutisha hadi leo? Jibu la kawaida ni mwanga. Kitu kilichopo mbele ya kamera hupigwa na taa zilezile zinazompiga mwigizaji, hutupa kivuli sakafuni, na mwigizaji hukitazama badala ya kutazama alama ukutani. Ni kweli, ila naona kuna sababu nzito zaidi. Zimwi la mpira linamlazimisha mwongozaji kuamua mapema. Waendeshaji wake watajificha wapi? Kamera ikae upande gani ili nyaya zisionekane? Sehemu gani ya mwili imulikwe, na ipi iachwe gizani? Mpigapicha Dean Cundey alilazimika kupanga taa kwa uangalifu ili ute ung'ae bila mpira kujulikana kuwa ni mpira. Ugumu huo ndio uliotunga picha.

Wala kazi ya mkono si takatifu. Kwa mwisho wa filamu, Randall Cook alitengeneza zimwi kwa mbinu ya kusogeza sanamu kidogo kidogo na kuipiga picha moja moja. Carpenter aliona halifanani na yale yaliyotangulia, akalikata karibu lote.

Sasa tutazame mwaka 2011. Ilitolewa filamu nyingine kwa jina lilelile, ikisimulia yaliyotokea katika kambi ya Wanorwe kabla ya matukio ya filamu ya 1982. Alec Gillis na Tom Woodruff Jr., mafundi wazoefu wa mazimwi, waliunda sanamu zenye mitambo, na zikapigwa picha pamoja na waigizaji. Filamu ilipofika kwenye uhariri, sehemu kubwa ya kazi yao ilifunikwa kwa picha za kompyuta. Mteja akibadili mshono baada ya kitambaa kukatwa, hata fundi hodari atatoa nguo ya viraka, na ndicho kilichotokea hapa. Fremu zilikuwa zimepimwa kwa ajili ya kitu kimoja, kikapachikwa kingine, na zimwi likabaki linaelea juu ya picha. Gillis baadaye alionyesha hadharani kazi yake ya awali, kisha akachangisha fedha kwa watu mtandaoni na kuongoza Harbinger Down, iliyotoka 2015, ili mazimwi ya mkono yaonekane.

Wapo watakaosema hiyo ni hukumu dhidi ya kompyuta. Jurassic Park ya mwaka 1993 inawakatalia. Dinosaria huonekana humo kwa takriban dakika 15, na kompyuta ilichora dakika sita hivi tu. T. rex anayeshambulia magari kwenye mvua ni sanamu kubwa ya Stan Winston pale anapokaribia, na ni kompyuta pale mwili wake wote unapotembea. Mwongozaji Steven Spielberg na kikosi chake walijua kila fremu itabebwa na nani. Phil Tippett, bingwa wa kusogeza sanamu, alibakizwa awafundishe wachoraji wa kompyuta jinsi mnyama mzito anavyokanyaga.

Kuna filamu moja iliyorudiwa inayotugusa zaidi, maana Simba, Rafiki na Pumbaa ni majina yaliyotoka katika lugha yetu. The Lion King ya 1994 ilichorwa kwa mkono, lakini lile kundi la nyumbu wanaotimua mbio bondeni lilihitaji kompyuta, mkono usingeliweza. Uso wa Simba ulibaki kwa wachoraji, nao waliupa nyusi, midomo na machozi. Jon Favreau alipoirudia mwaka 2019, kompyuta ilifanya karibu kila kitu. Kwa maelezo yake mwenyewe, ni kipande kimoja tu cha mawio mwanzoni kilichopigwa Afrika kwa kamera halisi. Manyoya ni ya kustaajabisha. Lakini iliamuliwa kwamba simba wafanane na wale wa filamu za wanyamapori, na simba wa kweli hana uso wa kumlilia baba. Mwana anamkuta baba yake amekufa, na sura haisemi kitu.

Mwaka 2024 Barry Jenkins aliongoza Mufasa, filamu kuhusu baba huyo, kwa mbinu ya aina ileile, akaziachia nyuso nafasi zaidi ya kuonyesha hisia. Ukizitazama filamu hizo mbili pamoja, tofauti iko machoni na midomoni mwa simba.