Je, Wajua? Waya wa rangi ya shaba si lazima uwe wa shaba

Nyaya nyingi za muziki wa gari ni alumini iliyopakwa shaba kwa juu tu, na alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 61 ya uwezo wa shaba. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu: ndani kukiwa kweupe, ni alumini.

Amplifaya inayovuta wati 600 kwenye volti 12 hula ampea 50. Kwa waya wa shaba wa milimita 8 za mraba, mita 5 kutoka kwenye betri, nusu volti hupotea njiani; wa alumini hupoteza zaidi. Waya wa spika hauna mzigo huo.

Wewe unayetoka Sumbawanga na kuteremka milima ya Lyamba lya Mfipa kwenda Muze, mtikisiko huchubua waya unapopenya kwenye bati. Mwambie fundi aweke fyuzi karibu kabisa na betri, ikate umeme waya uliochubuka ukigusa bati, kabla gari halijashika moto.