Bidhaa Hupanda Kitonga, Dhamana Hubaki Pwani

Huenda wasomaji wetu wa Visiwani wakashangaa kuona leo tunazungumzia Mbeya na Iringa. Sababu iko karibu nao kuliko wanavyodhani. Kwa miaka mingi Unguja imekuwa mlango wa vyombo vya umeme kuelekea Bara, na mnunuzi wa Mwanjelwa au Miyomboni akiambiwa kuwa televisheni fulani ni "mzigo wa Zanzibar", maneno hayo kwake ni sifa. Sifa hiyo sasa inatumiwa na watu wasio na duka Darajani wala mahali pengine popote, na wanaoumia ni wananchi wa Nyanda za Juu Kusini ambao hawajapata hata siku moja kuiona bahari yetu.

Zamani mtu wa Mbeya aliyetaka redio au televisheni alifunga safari mwenyewe, au alimtuma ndugu. Alikiona chombo kikiwashwa, akakijaribu, akaijua sura ya muuzaji. Leo huona picha katika simu yake, huuliza bei kwa ujumbe, hutuma fedha kwa simu, na baada ya siku mbili tatu huitwa stendi kuchukua boksi lililosafiri na basi. Kutoka Dar es Salaam hadi Iringa ni kilomita zipatazo 500, na hadi Mbeya ni zaidi ya 800. Boksi hupanda mlima Kitonga bila taabu. Swali letu ni iwapo dhamana ya chombo kilichomo nayo hupanda.

Mara nyingi haipandi. Dhamana ya kiwanda si sifa iliyo ndani ya chombo, kama rangi yake au uzito wake. Ni ahadi ya mtu fulani kwamba ndani ya muda fulani, kwa kawaida miezi 12, kasoro ikitokea atatengeneza au atabadilisha. Ahadi hiyo ina masharti: stakabadhi yenye tarehe, namba ya chombo inayolingana na iliyo katika karatasi, na mara nyingi sharti la kwamba chombo kilikusudiwa kuuzwa katika nchi au kanda hii. Simu iliyotengenezwa kwa soko la Ghuba yaweza kuwa halisi kabisa, wala si ya bandia, na bado wakala wa kampuni hiyohiyo hapa nchini akawa na haki ya kukataa kuitengeneza bure. Jambo hili wengi hawalijui. Hudhani kwamba hatari pekee ni kuuziwa bandia.

Iko pia hatari ya chombo halisi kisichofaa kwetu. Umeme wetu ni wa volti 230. Chombo kilichokusanywa Japani kilikuwa kikitumia volti 100, cha Marekani 120, na kikichomekwa ukutani Iringa bila kifaa cha kupunguza nguvu ya umeme huungua siku hiyohiyo. Televisheni za nchi hizo mbili, hata zikiwaka, hazipokei mawimbi ya minara yetu mpaka zifungiwe king'amuzi. Muuzaji mwenye duka angesema mapema, maana anajua mteja atarudi. Muuzaji aliye namba ya simu tu hana sababu ya kusema.

Turejee nyuma kidogo. Katika miaka ya 1970 redio nyingi za vijijini zilikuwa za Philips, zilizounganishwa Arusha, au za National, kutoka kiwanda cha Matsushita cha Dar es Salaam. Hatudai kwamba nyakati zile zilikuwa njema. Bidhaa zilikuwa adimu, na televisheni ya rangi ilionekana Zanzibar mwanzoni mwa miaka hiyo huku Bara ikingoja hadi 1994 kupata vituo vyake. Lakini kiwanda kilikuwa ndani ya nchi, na aliyekuwa na malalamiko alijua aelekee wapi. Hata baadaye, biashara ya mtandaoni ilipoanza kushika mizizi, kulikuwa na kampuni yenye jina na ofisi. Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania mwezi Novemba 2019. Biashara haikufa, ilihamia zaidi katika kurasa za Instagram na makundi ya WhatsApp, ambako jina la duka laweza kubadilishwa jioni na asubuhi likawa jingine.

Tuchukue mfano. Mwalimu wa Mafinga ananunua televisheni kwa mtu anayejitangaza kuwa yuko Darajani. Bei iko chini kwa theluthi moja, na ameahidiwa "waranti ya mwaka mzima". Mwezi wa tatu kioo kinazima. Muuzaji anamwambia airudishe kwa gharama yake. Kutoka Mafinga hadi Dar es Salaam kwa basi, kutoka Dar es Salaam hadi Unguja kwa boti, kisha kurudi; nauli ya boksi peke yake inakula ile nafuu aliyoifurahia. Akiipeleka kwa wakala wa kampuni anaulizwa stakabadhi, naye hana, ana ujumbe wa kutuma fedha tu. Ujumbe ule unathibitisha kwamba fedha zilikwenda. Hauonyeshi kilichonunuliwa, wala namba yake, wala masharti ya mauzo.

Kukosekana kwa stakabadhi si bahati mbaya. Ushuru wa bidhaa zitokazo Zanzibar kwenda Bara umekuwa miongoni mwa malalamiko ya Muungano kwa miaka mingi, na mfanyabiashara anayetafuta njia ya kuukwepa hawezi kuandika karatasi itakayomfichua. Ile theluthi iliyopunguzwa katika bei imetoka humo, pamoja na kodi isiyolipwa na dhamana isiyokuwapo. Mnunuzi huona punguzo peke yake.

Je, sheria zinasemaje? Kwa upande wa Bara iko Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, yenye vifungu juu ya masharti yanayohesabiwa kuwamo katika mkataba wa mlaji hata kama hayakuandikwa, na juu ya wajibu wa mtengenezaji. Yale maneno yanayobandikwa ukutani, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, hayamwondolei muuzaji wajibu wa kuuza kitu kinachofanya kazi iliyokusudiwa. Msimamizi ni Tume ya Ushindani. Kwa upande wa Visiwani iko Sheria Namba 5 ya mwaka 2018, na Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar. Sheria mbili, tume mbili, na kila moja inafanya kazi katika eneo lake, kwa kuwa ulinzi wa mlaji si jambo la Muungano.

Hapo ndipo mwalimu wetu anapokwama. Mlalamikaji yuko Bara, mlalamikiwa yuko Visiwani au anadai kuwa yuko huko. Polisi ni chombo cha Muungano, nao wanaweza kumsaidia ikiwa amelaghaiwa, kwa mfano fedha zimechukuliwa na chombo hakikuja. Lakini kukataa kutengeneza televisheni iliyoharibika kwa kawaida si jinai. Ni dai la mlaji, na dai la mlaji huishia Chumbe. Mahakama nazo ni mbalimbali hadi Mahakama Kuu; ya Rufani peke yake ndiyo ya pamoja, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayekwenda Mahakama ya Rufani kwa ajili ya televisheni.

Tofauti na hali hiyo ni simu za mkononi, na tofauti yenyewe inafundisha. Mawasiliano ni jambo la Muungano. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilizifungia simu bandia, na kazi hiyo ilifanyika nchi nzima kwa siku moja. Hadi leo mnunuzi wa Uyole au wa Wete aweza kubonyeza *#06#, akapata namba ya utambulisho wa simu, akaituma kwenda 15090 na kujibiwa ni simu ya aina gani. Ikiwa jibu linataja aina nyingine na ile iliyo mkononi, asilipe. Mamlaka ina ofisi ya kanda Mbeya na nyingine Zanzibar. Ifahamike hata hivyo kwamba uhakiki huo humwambia mtu kama simu ni halisi. Haumwambii kama ina dhamana. Televisheni na majokofu hayana hata hilo.

Kwa viongozi wa Serikali zetu mbili tunatoa rai hii. Tume mbili zikubaliane kwa maandishi kwamba lalamiko lililopokelewa na moja dhidi ya muuzaji aliye upande wa pili lipelekwe na tume yenyewe, na si na mlalamikaji, na lipewe namba moja itakayotambuliwa pande zote. Hilo halihitaji kubadili Katiba. Linahitaji barua na karani. Pili, yeyote anayetangaza vyombo vya umeme mtandaoni na kutaja dhamana atakiwe kuandika, katika tangazo lenyewe, namba ya leseni yake ya biashara, mahali alipo, na jina la atakayetengeneza chombo Mbeya au Iringa kikiharibika.

Kwa wafanyabiashara halali wa Darajani na Mlandege tunasema jambo hili ni lao pia. Wateja wa Nyanda za Juu Kusini ni wengi na wana fedha za chai, mahindi, viazi na mbao. Wauzaji hao wakiungana kumlipa fundi mmoja anayeaminika katika kila mji kati ya miji hiyo miwili, apokee vyombo walivyouza na avitengeneze kwa jina lao, mnunuzi hatalazimika kushuka Kitonga akiwa na boksi kichwani. Na hilo wanaweza kulianza bila kungoja tume yoyote.