Burashi za nyongeza katika GIMP

Burashi za nyongeza ni faili ambazo mtumiaji huziongeza katika programu ya uchoraji wa kompyuta ili apate alama zisizokuja na programu yenyewe, kwa mfano majani, mawingu au mikwaruzo ya chaki. Makala hii inahusu GIMP, programu huria iliyoanzishwa mwaka 1995 na Spencer Kimball na Peter Mattis, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nchini Marekani.

Jinsi burashi inavyofanya kazi

Burashi ya kompyuta ni picha ndogo ambayo programu huigonga mfululizo kama muhuri. Migongo ikikaribiana, jicho huona mstari; ikiachana, huonekana alama mojamoja. Katika burashi ya rangi ya kijivu, sehemu nyeusi hupaka rangi iliyochaguliwa kikamilifu, nyeupe haipaki kitu, na kijivu hupaka kwa kiasi.

Aina za faili

- .gbr: burashi ya picha moja, ya kijivu au ya rangi zake yenyewe.
- .gih: burashi ya picha kadhaa zinazopokezana, hufaa kwa majani au nyasi, kwa kuwa alama hazifanani zote.
- .vbr: burashi isiyo na picha, bali vipimo kama umbo, ukubwa na ugumu wa kingo.
- .abr: burashi zilizotengenezwa kwa ajili ya Photoshop.

Namna ya kuziweka

1. Kama faili imefungwa katika muundo wa zip, ifungue kwanza.
2. Katika GIMP, fungua mapendeleo kupitia menyu ya kuhariri, kisha sehemu ya folda, na utazame folda za burashi. Kwa kawaida zipo mbili: ya mfumo na ya mtumiaji.
3. Nakili faili katika folda ya mtumiaji. Folda ya mfumo mara nyingi huhitaji ruhusa ya msimamizi wa kompyuta.
4. Bonyeza kitufe cha kuonyesha upya kwenye kidirisha cha burashi, au funga programu na kuifungua tena.

Burashi za Photoshop

GIMP husoma faili za .abr zikiwekwa katika folda hiyohiyo, lakini huchukua hasa umbo la ncha. Tabia nyingine, kama vile mstari kunenepa kalamu inapokandamizwa, katika GIMP hupangwa mahali pengine, kwenye mienendo ya upakaji. Kwa sababu hiyo burashi iliyosifiwa huweza kuchora mstari mkavu usio na uhai ingawa faili ni nzima. Dawa yake ni kuchagua mwenendo unaofaa na kurekebisha nafasi kati ya migongo, si kupakua faili upya.

Leseni

Burashi ni kazi ya mtu aliyeitengeneza. Baadhi huruhusiwa kwa matumizi yoyote, nyingine kwa matumizi yasiyo ya biashara tu. Anayechora kwa ajili ya kuuza asome leseni kabla ya kuanza.