Jirani wa Serengeti na Ziara ya Jamaa

Ndugu zetu Waislamu wa Tarime na Mugumu wakaa ubavuni mwa Hifadhi ya Serengeti, iliyowekwa mwaka 1951, ambayo walimwengu huijia kwa ndege. Lakini ni wangapi katika watoto wetu waliouvuka mlango wa Ikoma? Qurani yatuamrisha tutembee katika ardhi, tutazame na tuzingatie. Basi haifai jirani awe wa mwisho.

Mwenye nyumba na apange mapema. Kila mtu hutozwa ada yake, na gari hulipiwa mbali. Raia hulipa kwa shilingi, tena kidogo sana kuliko mgeni wa ng'ambo. Kwa hiyo asiache kitambulisho nyumbani. Mtoto wa chini ya miaka 5 hatozwi, na wa miaka 5 hadi 15 hupunguziwa. Kibali huhesabiwa kwa saa tangu kuingia: afikaye alasiri amenunua giza. Atakaye kuwaona nyumbu wakivuka mto Mara na achague Julai hadi Oktoba, aelekee kaskazini. Asiuchanganye mto huo na Seronera katika siku moja.

Na sala je? Ndani ya hifadhi hairuhusiwi kushuka garini ila mahali palipowekwa. Aendaye Seronera na apange adhuhuri imkute kwenye kituo cha wageni, ana maji ya udhu, mkeka na chakula cha halali kilichopikwa nyumbani. Tukimwona simba na sala ikatupita, tumepata nini?

Mwenyezi Mungu atujaalie macho yenye kuzingatia. Amin.